Bata Asiyeguswa na Mkono: Hotuba ya Bingwa Mbele ya Hadhira ya Baltimore

Bwana Mwenyekiti, mashekhe, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliosimama karibu na meza ya sambusa kwa nia ambayo sitaki kuichunguza:

Nawashukuru kwa kuniomba nije niwahutubie. Na ijapokuwa ni kweli, kama Bwana Mwenyekiti alivyoona lazima kuwaelezeni mwanzo wa kikao, kwamba ombi lile nililiandika mwenyewe na kumpelekea likiwa tayari kutiwa sahihi, jambo hilo halipunguzi heshima ya ombi hata chembe, maana ni nani katika jimbo zima la Maryland, miongoni mwetu sisi tusemao Kiswahili, angaliweza kuliandika kwa ufasaha unaolingana na cheo cha mwalikwa? Mada yangu ni uchongaji wa bata wa mti kwa mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Na katika fani hiyo mimi ndimi bingwa wa kwanza, wa pili hajazaliwa, na wa tatu, kama yupo, na ajitokeze tumwone.

Kwa faida ya wale ambao maisha yao yamepita baina ya nyumba na kazi, nieleze kwamba bata wa mti ni sanamu ya bata ambayo mwindaji huiweka majini ikiwa imefungwa kamba na nanga ndogo, ili bata wa kweli wapitao angani waione, wadhani wenzao wamepata mahali penye amani na chakula, washuke. Na wakishashuka, mwindaji aliyejificha huwalaki kwa bunduki. Ni hila, wala siwafichi. Walakini ni hila kongwe. Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock katika jimbo la Nevada, wachimbuzi wa mambo ya kale walitoa bata 11 waliotengenezwa kwa matete na wenyeji wa nchi ile takriban miaka 2,000 iliyopita, baadhi yao wakiwa wamepakwa rangi na kuvikwa manyoya. Nawataja watu wale si kwa kuwasifu, bali kwa kuonyesha jinsi binadamu alivyotaabika kabla yangu. Umeme hawakuwa nao, kompyuta hawakuwa nayo, hata msumeno hawakuwa nao. Walikuwa na matete na subira tu, na tokeo lake ndilo lile mlionalo katika picha: bata wanaofanana na bata. Mtu mwenye insafu hatawalaumu.

Kabla sijaingia majini yanipasa kuingia katika nasaba. Mimi kwa asili ni mtu wa Lamu, na kila asiye jahili ajua kwamba Lamu ni mji wa milango ya nakshi. Babu yangu mzaa baba aliishi na mlango mmoja wa nakshi, kazi ya mafundi hodari wa zamani, kwa muda wote wa utu uzima wake, akiujua kila ua na kila pete ya mnyororo uliochongwa katika miimo yake, akiutazama jua likichwa na akiutazama jua likichomoza. Na hasidi mmoja, ambaye nasikitika kumwona humu ukumbini usiku huu, amepita nyumba kwa nyumba akieneza habari kwamba babu alikuwa bawabu. Alikuwa bawabu. Lakini nauliza, ni nani aujuaye mlango zaidi, yule aliyeuchonga kwa miezi michache, akapokea ujira wake akaenda zake, au yule aliyeulinda miaka na miaka, mvua na jua, bila kupata hata ruhusa ya kupita ndani yake? Uchongaji umo katika damu yangu, mabibi na mabwana. Tumeurithi kwa kuuegemea.

Basi, nilipohamia nchi hii na kuona kwamba cheo nilichopewa katika ghala la mizigo hakilingani na kipaji changu, nilianza kutafuta sanaa ambayo ingenistahili. Nilifikiri kwanza juu ya utabibu. Nikafikiri juu ya siasa, na niseme kwa unyenyekevu kwamba hata sasa mlango ule sijaufunga. Nikaandika pia utangulizi wa tasnifu ya falaki, na utangulizi huo, uliopata kusomwa na mke wangu hadi ukurasa wa pili, ni miongoni mwa tangulizi bora kabisa zilizoandikwa juu ya jambo ambalo mwandishi wake alikuwa bado hajalisoma. Lakini siku moja nilipelekwa na mpwa wangu katika mji wa Havre de Grace, kaskazini mashariki ya hapa, mahali mto Susquehanna unapoingia katika kichwa cha ghuba ya Chesapeake. Na pale nikakuta watu wazima, wenye akili zao timamu, wakilizunguka jumba la makumbusho lililofunguliwa 1986 kwa ajili ya bata wa mti, wakinong'ona kana kwamba wamo katika nyumba ya ibada. Nikajua papo hapo kwamba watu hawa wananihitaji.

Maji ya pale ni mapana, na kina chake ni kidogo, na zamani majani mororo yaliota chini yake kwa wingi. Na bata waitwao canvasback, wenye kichwa cha rangi ya kutu na paji linaloteremka moja kwa moja hadi ncha ya mdomo, waliyafuata majani yale makundi kwa makundi. Wawindaji wa biashara nao waliwafuata bata. Walikuwa wakilala chali ndani ya sanduku lililozamishwa hata ukingo wake ukawa sawasawa na maji, wamezungukwa na mamia ya bata wa mti, wasionekane na yeyote ila Mwenyezi Mungu, kisha huinuka ghafula na kupiga. Sheria ya 1918 ikakomesha biashara ya kuuza ndege hao, na mwaka 1935 sanduku lile likapigwa marufuku, pamoja na desturi ya kuwafunga kamba bata wazima wa kufugwa ili wawaite ndugu zao. Hivyo serikali ya Marekani, kwa kuwaondoa bata hai katika kazi hiyo, iliwaachia bata wa mti uwanja wote. Nami nachukua nafasi hii kuishukuru serikali hiyo kwa kuniandalia njia, ijapokuwa wakati ule haikunijua.

Sasa tuwatazame hao waitwao mastadi. Kule Crisfield, upande wa kusini wa ghuba, walikuwako ndugu wawili, Lem Ward na Steve Ward, ambao sifa zao zimeenea hata likaanzishwa jumba la makumbusho lenye jina lao katika mji wa Salisbury. Kazi yao ilikuwa nini? Vinyozi! Walinyoa ndevu za watu, na baina ya ndevu na ndevu wakachonga bata. Hapo hapo Havre de Grace alikuwako Madison Mitchell, aliyezaliwa 1901 na kufariki 1993, ambaye bata wake wamo katika kila kabati la kioo. Naye riziki yake ilikuwa kuzika maiti. Kinyozi na mzishi! Nawaulizeni, ikiwa sanaa hii iliachwa mikononi mwa watu ambao wateja wao ama wamefumba macho kwa povu la sabuni ama wamefumba macho daima, yawezekanaje tuseme ilipata kukaguliwa kwa haki? Kuna na Elmer Crowell, mtu wa East Harwich katika Massachusetts, aliyefariki 1952, ambaye bata wake mmoja na bata bukini wake mmoja waliuzwa mwaka 2007, kila mmoja kwa dola milioni 1.13. Nimeitazama picha ya bata yule kwa muda mrefu. Amegeuza shingo anajichambua manyoya mgongoni. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini alichongwa kwa kisu, na nikikumbuka kwamba marehemu alipata bei hiyo bila umeme, nafsi yangu huhesabu kwa hofu ni bei gani itakayopasa kudaiwa kwa kazi iliyofanywa kwa umeme.

Nilipomweleza mzee mmoja wa pale, mwenye kofia ya turubai na mkono wa kushoto uliopungukiwa na ncha za vidole viwili, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza katika historia kuingiza mashine katika uchongaji wa bata, hakubisha. Watu wa mji ule hawabishi. Ndiyo kasoro yao kubwa. Alinipeleka tu kwenye picha moja ukutani, akaninyooshea kidole, kimoja katika vile vizima, akanieleza kwamba Mitchell huyo huyo mzishi alikuwa akichonga viwiliwili kwa mashine ya kunakili, ambayo gurudumu lake hupita juu ya bata wa kielelezo, na kisu chake kikauiga mwendo ule ule juu ya gogo jingine. Kwamba kiwanda cha Mason, katika mji wa Detroit, kilikwisha kuwatoa bata kwa mashine baina ya 1896 na 1924. Na kwamba asili ya ufundi wote huo ni Thomas Blanchard, aliyepata hataza mwaka 1819 kwa mashine ya kuchonga vitako vya bunduki. Nilimsikiliza kwa adabu. Kisha nikamfahamisha kwamba kuwa wa kwanza si suala la tarehe. Akasema, "Labda, bwana," akaenda kunywa kahawa, na mimi nikahesabu mjadala ule kuwa nimeushinda.

Ukweli, ambao mzee hakunikatiza kuusema kwa sababu alikuwa ameshaondoka, ni kwamba mashine zile za zamani zilihitaji bata mwingine wa kunakiliwa, ilhali yangu hunakili tarakimu tupu. Elimu yake ilianza kwa John Parsons, mtu wa Traverse City katika Michigan, aliyekuwa akihangaika na mapanga ya helikopta, akaona kisu kiongozwe kwa hesabu; wanazuoni wa chuo cha MIT wakaichukua fikra ile, na mwaka 1952 wakawaonyesha watu mashine iliyokata chuma kwa kusoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Parsons aliifikiria helikopta. Mimi nikaivuka helikopta nikaenda kwenye chanzo chenyewe cha kuruka, yaani bawa la ndege. Na mpwa wangu aliponikumbusha kwamba bata wetu hana mabawa, kwa kuwa ameyakunja, nilimtuma akalete chai.

Huyu mpwa wangu nimtaje kidogo, kwa sababu mtaniuliza. Ni kijana mwema. Kazi yake gerejini ni ndogo: kuliingiza umbo la bata katika kompyuta, kuichagulia programu njia za kisu, kukadiria mwendo na kina, kulikaza gogo mezani, kuweka sifuri ya mashine, kuiwasha, kuisimamia, kuizima, na kufagia. Yaliyobaki yote nayafanya mimi. Umbo lenyewe tulilipata kwa njia za kitaalamu, yaani tulilinunua, likiwa limekwisha chorwa na mtu mwingine. Lakini ni mimi niliyechagua lipi linunuliwe, na katika uchaguzi ule, mabwana, ndimo ilimo sanaa.

Mashine hutenda hivi. Kisu chake husimama wima, kikizunguka kwa kasi, na hupewa amri tatu tu, kwenda upande, kwenda mbele, kushuka. Na amri hizo zikishaandikwa maelfu kwa maelfu, mstari chini ya mstari, hukifanya kisu kipite juu ya gogo mithili ya mkulima alimaye shamba tuta kwa tuta. Mpito wa kwanza ni wa biti nene, yaani kisu chenyewe, ya kuondoa mti mwingi, na bata hubaki wa ngazi ngazi, hana sura. Mpito wa pili ni wa biti yenye ncha ya mviringo, nayo hupita kwa mistari iliyobanana sana, na kadiri mistari ibananavyo ndivyo bata awavyo laini na ndivyo saa za kungoja ziongezekavyo. Tena, kwa kuwa kisu hutoka juu, tumbo hakilioni. Basi gogo hupinduliwa likalazwa juu ya vigingi viwili, ili upande wa pili ukutane na wa kwanza. Vigingi vikilegea kwa unene wa ukucha, mgongo huelekea kaskazini na tumbo huelekea kaskazini magharibi. Bata wa namna hiyo ninaye. Nimempa jina la Bata Ageukaye.

Kazi yangu ya kwanza, hata hivyo, ni ile ambayo majirani wameipotosha, nami nataka kuisahihisha mbele ya mashahidi. Tulikuwa na gogo la mwerezi mweupe, mti ambao wachongaji wa huku waupenda kwa wepesi wake na kwa kutooza upesi, na harufu yake ilikuwa imeijaza gereji hata mke wangu akaja kuuliza tunachoma udi wa nani. Mpwa akaniuliza, "Mjomba, vipimo hivi ni vya inchi au vya milimita?" Nilimjibu kwamba mtu mkubwa haulizwi mambo madogo, nikabonyeza kitufe kwa mkono wangu mwenyewe. Kisu kikashuka katikati ya gogo, kikatetemeka pale pale kwa kitambo kifupi, kikainuka, na mashine ikatangaza kwamba imemaliza. Tukapuliza vumbi. Katikati ya gogo lile kubwa palikuwa na kishimo kimoja, chenye kina cha kutosha kutia tone la gundi. Ikabainika kwamba bata aliyekusudiwa kuwa na urefu wa inchi 16 alikuwa amefahamika kwa mashine kuwa wa milimita 16, na kwa sababu biti ilikuwa nene kuliko bata, ilimla ilipokuwa ikimchonga. Mpwa akabadilisha tarakimu moja katika mstari wa juu, G21 ya milimita ikawa G20 ya inchi, akanyamaza. Watu wasiojua sanaa husema siku ile sikuchonga kitu. Gogo lile nimelihifadhi, na katika orodha ya kazi zangu limeandikwa Bata Aliyepiga Mbizi.

Alipokuja kutoka bata mzima, alitoka kwa fahari. Niliamuru achongwe na manyoya yake yote, unyoya kwa unyoya, kwa biti nyembamba kama sindano, na mashine ilivuma usiku kucha hadi jirani wa upande wa kulia akaja na kanzu yake ya kulalia kuniuliza kama nina ugomvi naye. Ndiye huyu mumwonaye mezani, bata asiyeguswa na mkono wa binadamu tangu gogo hadi ukamilifu. Ninaposema hakuguswa na mkono, sihesabu mikono ya mpwa wangu, aliyempiga msasa kwa siku mbili tatu ili kuondoa mistari ya kisu mahali ambapo hapakupasa kuwa na mistari. Wala sihesabu mikono ya mke wangu, aliyempaka rangi, kwa kuwa yeye alipaka tu. Kuhusu kichwa, ni kweli kwamba kichwa cha kwanza nilikichonga pamoja na kiwiliwili katika kipande kimoja, nikapuuza habari kwamba nyuzi za mti lazima zifuate urefu wa mdomo. Ni kweli vilevile kwamba mdomo ulikatika pale mke wangu alipouelekezea brashi. Na si siri kwamba kichwa hiki cha sasa kilichongwa kwa kisu cha mfukoni na yule mzee mwenye kofia ya turubai, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, muda ambao mimi nilikuwa nikimweleza historia ya kompyuta. Alipomaliza alikishika kichwa karibu na jicho, akakwangua kidogo chini ya shavu, akakigeuza, akakwangua tena, akaniuliza kama canvasback nimepata kumwona akiwa hai. Nikamwambia nimemwona katika kioo cha kompyuta, pande zote. Hicho kichwa, mabibi na mabwana, wenye macho wamesema ndicho kizuri kuliko vyote katika bata huyu. Nami nakipokea kwa niaba ya mashine.

Likaja jaribio la maji. Wachongaji wa pale wana ada yao, ambayo naiona ya kishamba: humtupa bata majini ovyo, kichwa chini miguu juu, na asipojiinua mwenyewe akakaa sawa, humrudisha karakanani bila kumtazama mara ya pili. Nilimpinga mzee, nikamwambia kazi ya sanaa haitupwi, huwekwa. Nikashuka hadi ukingoni, nikamweka bata kwa mikono yote miwili juu ya maji ya Susquehanna, nikarudi nyuma hatua moja ili nipigwe picha naye. Bata akatulia. Akafikiri. Kisha, bila haraka, akapinduka, tumbo likawa juu, akabaki akitazama vilindi. Mzee hakucheka, maana nimekwisha kuwaambia watu wa pale wana kasoro. Alisema tu kwamba chini ya tumbo hupigiliwa kipande cha risasi, wengine wakaongeza na mkuku wa ubao, na kwamba jambo hilo kompyuta hailiandiki kwa sababu kompyuta haielei.

Tafadhali! Naomba utulivu! Namsikia nahodha wetu aliyekaa karibu na mlango anasema neno. Nahodha, mzee wangu, najua ulipeleka jahazi Basra na kurudi. Najua pia kwamba mtoto yeyote wa Lamu hufahamu chombo hakitoki bandarini bila farumi, na kwamba babu yangu, kama si kwa kuchonga, basi kwa kutazama bandarini, angalinitajia jambo hilo bila malipo. Lakini farumi ni ya majahazi. Hapa tunazungumzia bata, na bata ana falsafa yake. Yule wangu alichagua kuutazama ulimwengu wa chini ya maji, ambao wachongaji wote waliotangulia waliupuuza. Wanaocheka hawajui kwamba huko ndiko chakula kilipo.

Siku ya kuwinda nisimulie kwa ufupi, si kwa sababu ya aibu, bali kwa sababu ya baridi, ambayo kumbukumbu yake hunifunga taya. Tulijificha kabla ya alfajiri katika kibanda cha matete. Mzee aliweka bata wake wa kikuukuu, wazito wa mabega, wasio na unyoya hata mmoja uliochorwa, rangi yao imefifia mpaka huwezi kusema kwa yakini pale mgongo unapokoma na pale ubavu unapoanza. Mimi nikamweka wangu, ambaye kwa ajili ya hadhi ya siku ile nilikuwa nimempaka vanishi ile ile iliyoing'arisha meza yangu ya chakula, na chini yake nimefunga spana ya mpwa wangu kwa waya. Jua likatoka. Likamwangukia bata wangu, naye akaing'arisha ghuba yote. Kundi likatokea kutoka upande wa mto, likashuka, likazunguka mara moja, shingo zimenyooshwa. Kisha, lilipofika mbele ya kazi yangu, likapaa kwa ghafula, likapita juu ya vichwa vyetu, likaenda kutua ng'ambo ambako bata wa mzee wengine walikuwa wamefungwa. Mzee akaniambia bata huogopa kinachong'aa, kwa kuwa katika maumbile manyoya makavu hayang'ai hivyo, na kwamba kutoka juu ndege haoni manyoya madogo madogo, huona umbo na mkao. Hiyo ni rai yake. Rai yangu ni kwamba bata wale walishikwa na haya. Mtu aliyevaa kanzu ya kila siku, akifika mlangoni pa harusi na kumwona bwana harusi, hujirudi; na kujirudi kwake ni heshima.

Nimeulizwa kama kazi zangu zina soko. Nimewaandikia wenye minada, nikawapelekea picha ya bata huyu pamoja na picha yangu, na picha yangu ikiwa mbele. Majibu yao yalikuwa ya adabu, na mmoja wao aliuliza ni nani aliyekichonga kichwa. Kwa sasa Bata Ageukaye anatumiwa nyumbani kwangu kuuzuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo, kazi ambayo aifanya vema, maana upande wake uliokosea ndio ulioshika kizingiti. Na mke wangu, ambaye si mtu wa kusifu, amesema kwamba tangu aolewe katika ukoo huu hajapata kuona mmoja wetu akiufaa mlango kiasi hiki.

Darsa zangu zitaanza Jumamosi ijayo, gerejini, na ada italipwa kabla, kwa kuwa wanafunzi wa mara ya kwanza waliondoka wakati mashine ilipokuwa ikiwaka. Kila mwanafunzi aje na gogo lake, miwani ya kuzuia vumbi, na ikiwezekana mpwa. Wale watakaotaka kununua Bata Aliyepiga Mbizi waniletee bei zao kwa siri, ili nisiwafedheheshe wenye bei ndogo.

Maswali nitayapokea kwa maandishi, yakiwa mafupi na yakianza kwa sifa. Hapana, nahodha, keti, mzee wangu, usijisumbue kusimama. Swali lako nalijua, na jibu lake ni kwamba risasi imekwisha kuagizwa.